Barua kwa mwanangu: Saini isiyokuwepo Panmunjom

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako kutoka Seoul niliupata jana jioni, na mama yako ameshanionya nisiugeuze kipindi cha historia. Tutaona. Unasema umetazama nakala ya mkataba wa kusitisha mapigano ya Vita vya Korea, ule wa 1953 wa kijiji cha Panmunjom: yumo jenerali wa Marekani, yumo Kim Il Sung, kiongozi wa Korea Kaskazini, yumo Peng Dehuai, kamanda wa China iliyopigana upande wa Kaskazini. Mwenye nyumba, Korea Kusini, hayumo. Kwa nini?

Alikataa. Rais Syngman Rhee hakutaka vita viishe nchi ikiwa vipande viwili. Lakini tangu Julai 1950 jeshi lake lilikuwa chini ya kamandi ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo saini ya Jenerali Mark Clark, mkuu wa kamandi hiyo, iliwafunga na askari wake. Jibu fupi ni hilo. Refu ni la mateka.

Mazungumzo yalianza Julai 1951. Suala la mstari wa mapigano halikuwachukua hata nusu mwaka. Wakaja kukwama kwenye mateka. Mkataba wa Geneva wa 1949 unataka mateka warudishwe kwao bila kuchelewa. Truman, rais wa Marekani, akasema asiyetaka asilazimishwe, maana hakuyasahau yaliyowapata Wasovieti waliorudishwa kwa nguvu mwaka 1945, wengine wakaishia kufungwa au kuuawa. China na Kaskazini wakaona wanafedheheshwa: askari wako akukane mbele ya dunia! Shauri hilo moja likala zaidi ya mwaka, na vijana wakaendelea kufa wakigombea vilima.

Darasani nilikuwa nikimsifu Truman. Siku hizi nasita. Hiari ya mateka hawa ililipiwa na wengine, Wamarekani wakiwemo, waliobaki kwenye kambi za Kaskazini. Na hiari yenyewe ilikuwa na doa: katika kambi zile zile za Umoja wa Mataifa, mateka wa Kichina walipigwa na wenzao, wengine wakachorwa mwilini maneno ya kuulaani ukomunisti ili wasithubutu kurudi.

Tarehe 8 Juni 1953 wakaafikiana: wasiotaka kurudi wawekwe chini ya tume ya nchi tano, India ikiwa mwenyekiti. Siku kumi baadaye, usiku, walinzi wa Korea Kusini wakafungua malango ya kambi. Mateka wa Kaskazini wapatao 27,000 waliokuwa hawataki kurudi kwao wakatokomea mitaani, na redio ikawahimiza raia wawapokee. Eisenhower, aliyekuwa ameshachukua urais wa Marekani, aliwaka. Umehangaika miaka miwili na adui, mnapatana, kisha rafiki yako ndiye anayekuja kumwaga mchuzi.

Rhee, mzee yule, alijua afanyalo. Kushinda vita hakuweza, lakini kuiharibu amani aliweza, na hicho ndicho alichokipeleka sokoni. Washington ikamtuma mwanadiplomasia Walter Robertson, akakaa Seoul zaidi ya wiki mbili akimbembeleza. Rhee akatoa ahadi nyembamba mno: sitii saini, ila sitazuia. Kwa hiyo akapata ahadi ya mkataba wa ulinzi, misaada ya uchumi na jeshi la divisheni 20. Wachina nao walimjibu kwa namna yao. Katikati ya Julai wakavishukia vikosi vyake kwa shambulio kubwa. Walioilipa bei ya ule usiku wa malango ni askari wake, na hili vitabu hulipita haraka.

Tarehe 27 Julai bunduki zikanyamaza. Mkataba wa ulinzi ulisainiwa tarehe 1 Oktoba, na wale askari wa Kimarekani uliosema unapishana nao kwenye treni wako hapo kwa mkataba huo. Zaidi ya mateka 14,000 wa Kichina walikwenda Taiwan. Upande wa pili, Wamarekani 21 na Mwingereza mmoja nao walikataa kurudi kwao.

Yule mzee mwenye nyumba yako, uliyeniambia alizaliwa Kaskazini, siku akiwa na nafasi muulize alikuwa wapi usiku ule wa Juni. Umpe salamu zangu kwanza, umwache anywe chai.

Baba yako