Faili lililomezwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Ukiiweka pesa kando, unajuaje kwamba umefanikiwa?", nimelisoma mara tatu, na mara zote tatu limenikera. Nani anaweza kuiweka pesa kando? Mwenye nayo. Asiye nayo anaamka nayo kichwani. Na yule msomaji wa toleo lililopita aliyeacha kazi ya benki akawa mfuga nyuki, ambaye siku hizi analala fofofo, sina ugomvi naye wala na nyuki wake. Ila hakutuambia mizinga aliinunua kwa akiba ipi.

Halafu mkatuwekea utangulizi kuhusu utafiti wa mwanasaikolojia Daniel Kahneman na mwanauchumi Angus Deaton wa mwaka 2010, ule uliosema kwamba huko Marekani furaha ya siku kwa siku haiongezeki tena kipato cha familia kikishapita kama dola 75,000 kwa mwaka. Mmeishia nusu ya hadithi. Mwaka 2023 Kahneman huyohuyo alikaa na mtafiti Matthew Killingsworth, ambaye takwimu zake zilimpinga, na Barbara Mellers akiwa katikati kama msuluhishi. Walipozipitia upya wakakubaliana kwamba kwa walio wengi furaha huendelea kupanda kadiri kipato kinavyopanda. Wanaokwama ni wale wenye huzuni kuliko wengine, ambao wakishafika kiwango fulani pesa haiwatatulii tena kinachowasumbua. Basi tusiitukane pesa kwa kumsingizia marehemu Kahneman.

Hilo ndilo nililokusudia kuwaandikia, na ningeishia hapo. Tatizo ni kwamba swali lilinifuata hadi kitandani, nikajikuta nalijibu jingine ambalo hamkuliuliza: katika miaka 31 ya kazi, ni siku ipi ningekubali kuirudia bila malipo? Nikahesabu. Ninayo moja.

Nilianzia masjala ya hospitali. Chumba hakikuwa na dirisha, mafaili ya wagonjwa kutoka sakafuni hadi darini. Kila faili lilikuwa na namba ya tarakimu sita, na namba hiyo hatukuisoma kama mnavyosoma ninyi. Tuliisoma kutoka mwisho. Ukiletewa 31-46-07, unakwenda kwanza sehemu ya 07, humo unatafuta 46, ndipo unaitafuta 31. Mgeni akiona hivyo anadhani ni wazimu, lakini ina sababu yake. Mafaili yakipangwa kwa mfululizo wa kawaida, mapya yote yanarundikana mwisho wa chumba, na makarani wote mnabanana hukohuko mnapigana vikumbo. Ukisoma kutoka mwisho, namba mia zinazofuatana zinatawanyika sehemu mia. Kila tarakimu ilikuwa na rangi yake ukingoni mwa jalada, kwa hiyo faili lililokaa pasipo pake ulilibaini ukiwa mlangoni, labda rangi iwe imechubuka. Na zilichubuka sana.

Alasiri moja kikaja kikaratasi kutoka chumba cha upasuaji. Kuna mama angefanyiwa upasuaji asubuhi ya siku ya pili. Miaka mingi nyuma, katika upasuaji mwingine hapohapo, alipewa dawa fulani wakati wa kulazwa usingizi nusura imuue. Tukio alilikumbuka, jina la dawa hakulijua. Jina lilikuwa ndani ya faili, na faili lilikuwa langu kulitafuta. Namba yake ndiyo hiyo 31-46-07.

Nilifika mahali pake, pakawa wazi. Kwa kawaida faili likitoka tunaacha pale kipande cha plastiki chenye jina la aliyelichukua. Hakikuwepo. Hapo karani yeyote anajua kinachofuata. Unaangalia jirani wa kushoto na wa kulia, halafu unageuza tarakimu, 46 unaitafuta kwenye 64. Ukikosa, unaanza kuusoma mwandiko kama mtu mwenye haraka: 3 ikawa 8, 1 ikawa 7. Baada ya hapo unatoka. Nilikwenda mapokezi, nikaenda kliniki tatu, nikafungua droo za daktari mmoja aliyejulikana kwa kulalia mafaili bila kuyarudisha (alinitazama nikifungua, hakusema neno, nadhani alijijua). Wenzangu wa zamu wakaondoka. Muuguzi akapiga simu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ile ya tatu hakuuliza kitu. Alinyamaza tu akisubiri niseme.

Saa nne usiku nilirudi kwenye 64, mahali nilipokwisha kupita mara mbili. Safari hii sikusoma namba. Nilianza kuyatoa mafaili, moja moja, na kuyatikisa. Sisi tulikuwa na neno, kwamba faili "limemezwa", maana yake limeingia tumboni mwa faili nene na huwezi kuliona ukiwa umesimama mbele ya shelfu. Namba 31-64-07 ilikuwa ya mgonjwa wa miaka mingi, faili nene kama tofali, limefungwa kwa uzi. Nikafungua uzi. Pini yenye kutu ilikuwa imelikamata la yule mama kwenye kona. Lilikuwa jembamba, karatasi kama tisa hivi. Nilikaa chini sakafuni.

Muuguzi alilipokea mlangoni na kugeuka palepale. Asante hakusema, na wala sikuiona kasoro, nilikuwa namtazama anavyokwenda mbio.

Asubuhi msimamizi alinikaripia mbele ya wenzangu. Siku hiyo nilikuwa nimeacha mafaili 140 kwenye toroli bila kuyarudisha, na sisi tulipimwa kwa idadi ya yaliyorudishwa kwa zamu. Hakuna safu kwenye fomu yake ya faili moja lililotafutwa kwa muda wa saa saba. Sikumjibu, maana kwa hesabu zake alikuwa sahihi.

Siku ya tatu faili likarudi. Kwenye jalada palikuwa na kibandiko chekundu kilichobandikwa upande, na jina la dawa kwa herufi kubwa. Aliyeandika alikandamiza kalamu hadi maandishi yakaacha alama kwenye jalada, ukipitisha kidole unayasoma. Nilipitisha kidole. Kisha nikalirudisha: 07, 46, 31. Yule mama sijui sura yake mpaka leo. Sikujua hata kama upasuaji ulikwenda vizuri. Najua tu kwamba lilisomwa.

Nimekaa sana kwenye faili, naomba radhi, lakini ndiyo siku yenyewe.

Miaka baadaye, katika semina ya wafanyakazi, mwezeshaji alituletea kazi ya watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton wa Marekani, ya mwaka 2001, yenye habari za wafanya usafi wa hospitali. Baadhi yao walisema wao wanadeki, basi. Wengine walijiona ni sehemu ya kumponya mgonjwa: waliongea naye, walimwelekeza ndugu aliyepotea njia. Kazi ileile, ndoo ileile. Nilikubaliana na kila neno, nikawa pia na hasira, kwa sababu niliwatazama mameneja waliokaa mstari wa mbele jinsi walivyokuwa wakiitikia kwa vichwa. Utamu wa habari hiyo kwa bosi ni kwamba maana hailipiwi. Mtu akijiona mponyaji, nyongeza ya nini?

Kwa hiyo nafasi ya ofisini ilipotokea, mshahara karibu mara mbili, niliichukua bila kuomba siku ya kufikiri. Nilikuwa na watoto watatu na ada zao. Kazi ilikuwa kuandaa ripoti ya mwezi: mafaili yaliyotoka, yaliyorudi, yaliyochelewa. Niliiandaa miaka 19. Aliyeisoma simjui. Watoto wamesoma wote watatu, na mtu akiniambia miaka hiyo ilipotea bure, tutagombana.

Ila kuna jambo sikulisema nyumbani. Kwa miaka kadhaa masjala waliendelea kunipigia simu. "Kaka, kuna moja haionekani." Nilikuwa nashuka ngazi mbili mbili. Ripoti ikisubiri mezani. Mara nyingine nililipata, mara nyingine nilikosa, na nikilikosa nililala vibaya. Kisha ukaja mfumo wa kompyuta, chumba kikaondolewa mafaili, simu zikakoma. Sasa faili halimezwi, na daktari anaona onyo la dawa kabla hajakaa kitini. Ni jambo jema, nalisema kwa moyo wangu wote, au tuseme sehemu kubwa ya moyo.

Nilipostaafu nilisoma habari za Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilifungwa, na mtafiti Marie Jahoda na wenzake wakaandika mwaka 1933 walichokiona huko. Watu walikuwa na muda wote duniani, lakini maktabani waliazima vitabu vichache kuliko walipokuwa kazini, na wanaume walitembea polepole barabarani, wakisimama simama. Pesa ilikuwa imewapungukia, ni kweli. Lakini maktaba nilidhani haihitaji pesa nyingi. Nilifunga ukurasa nikajiangalia mwendo wangu.

Basi mnataka jibu. Nimeanza kwa kuwaambia kwamba kuiweka pesa kando ni mchezo wa walioshiba, na nusu yangu bado inasema hivyo. Usiku ule wa faili nilikuwa na mshahara, mdogo lakini wa tarehe. Ningekuwa sijalipwa miezi mitatu, saa kumi na moja jioni ningekuwa nimeshafunga mlango. Na mkinirudisha nyuma leo nichague kati ya masjala na ofisi, nitachagua ofisi tena. Hata hivyo mkiniuliza nilifanikiwa lini, mdomo unataja kile kibandiko chekundu kabla sijauzuia. Nikiutaja ule usiku, watoto wangu watauliza wao wako wapi kwenye hesabu hiyo, na swali lao ni la haki. Sijapanga bado nitawajibu nini.

Namba za simu bado nazisoma kuanzia mwisho. Mke wangu amechoka kunisahihisha.

Msomaji wenu, karani mstaafu