Onyesho la baiti 256: uanzie mashine ipi?

Ndugu, umeuliza uanze na DOS (mfumo wa zamani wa PC), Commodore 64 (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) au Windows kwa onyesho lako la kwanza la baiti 256, yaani programu ndogo mno ya kuonyesha picha. Mimi nasema DOS, tena bila kusitasita. Faili la .COM, yaani programu ya DOS, halina kichwa: hakuna data ya utangulizi kabla ya amri. Baiti ya kwanza unayoandika ndiyo inayoanza kutekelezwa. Baiti nne tu, B0 13 CD 10, zinakufungulia skrini ya pikseli 320 kwa 200 yenye rangi 256.

Halafu rejista ES (rejista ni kihifadhi kidogo cha namba ndani ya kichakataji) ielekee A000h, kwenye kumbukumbu ya skrini. Kwa amri za push na pop utatumia baiti nne nyingine. Wakongwe huandika les bp,[bx], baiti mbili: amri hii hujaza ES kutoka kwenye kumbukumbu ambako rejista BX inaelekeza; kwa kawaida BX ni sifuri mwanzoni, na DOS imeshaacha 9FFFh pale pale mwanzo wa segimenti, yaani eneo la kumbukumbu la programu. 9FFFh iko baiti 16 kabla ya A000h, kwa hiyo picha inasogea pikseli 16. Nani ataona?

Commodore 64 ni tamu, ila amri ya kuzidisha haina. Windows iache mpaka ufikie maonyesho ya kilobaiti 4, maana kichwa cha EXE, faili la programu la Windows, kitakumalizia nafasi. Jaribia kwenye DOSBox, programu inayoiga mashine ya DOS, kisha hakikisha kwenye mashine nyingine: thamani za rejista mwanzoni hazifanani kila mahali.