Maswali ya Wasomaji Kuhusu Magari: Kulanti Haichaguliwi kwa Rangi

Barua tulizopokea kwa ajili ya toleo hili zimeangukia jambo moja kwa kiasi kikubwa, nalo ni maji ya rejeta na kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini. Tumechagua barua tano, na kwa kuwa ya kwanza inabeba kiini cha karibu zote zilizobaki, tumeipa nafasi kubwa zaidi.

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina gari dogo la Toyota ambalo nililinunua likiwa limekwisha kutumika. Katika chupa ya akiba nimekuta kulanti ya rangi ya waridi. Dukani nimeonyeshwa kopo lenye kulanti ya waridi ileile, ila limeandikwa G12++. Muuzaji ananihakikishia kwamba ilimradi rangi zinafanana, kulanti ni moja. Je, niinunue?

JIBU: Ndugu msomaji, usiinunue. Rangi ya kulanti ni dawa ya kutia rangi tu, ambayo mtengenezaji huiongeza mwishoni ili kulanti itambulikane ndani ya chupa na ili mahali panapovuja paonekane kwa urahisi. Hakuna sheria inayowafunga watengenezaji wote kutumia rangi moja kwa aina moja ya kulanti, kwa hiyo makopo mawili yenye rangi moja yanaweza kuwa na viambato vinavyotofautiana kabisa.

Karibu kila kulanti huwa na vitu vitatu: maji, ethilini glaikoli (kimiminika kinachozuia maji yasigande wala kuchemka mapema), na kifurushi cha viambato vya kuzuia kutu. Viwili vya kwanza havitofautiani sana kutoka kopo moja hadi jingine. Kinachotofautisha kulanti na kulanti ni hicho cha tatu, ambacho kwa ujazo ni sehemu ndogo sana ya kopo, lakini ndicho kinachoamua iwapo pampu ya maji, rejeta na silinda hedi vitadumu.

Aina ya zamani, inayoandikwa IAT, hutumia chumvi kama vile silikati na fosfati, ambazo hutandaza ngozi nyembamba juu ya chuma chote kwa haraka, lakini nazo huisha mapema, ndiyo maana kulanti hiyo hubadilishwa takriban kila baada ya miaka miwili. Aina ya OAT hutumia asidi ogania, ambazo hufanya kazi hasa pale kutu inapotaka kuanza, kwa hiyo huisha polepole. Kampuni ya General Motors ilipoanza kuweka kulanti ya namna hiyo katika magari yake katikati ya miaka ya 1990, ikiwa na rangi ya machungwa, ilieleza kuwa ingedumu miaka 5. Kati ya hizo mbili ipo aina ya mseto, HOAT, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea, kwa sababu kuna mseto zaidi ya mmoja.

Watengenezaji wengi wa Ulaya waliikwepa fosfati, kwa kuwa ikikutana na maji yenye chokaa nyingi hujenga magamba ndani ya njia za maji, nao wakachanganya asidi ogania na silikati. Wajapani walichukua mkondo wa kinyume: waliiogopa silikati kwa ajili ya sili za pampu ya maji, yaani vizibo vya kuzuia uvujaji, wakachanganya asidi ogania na fosfati. Sasa tazama kopo lako. G12++ ni alama ya Volkswagen, na kulanti hiyo ina silikati lakini haina fosfati. Kitabu cha mmiliki wa Toyota zinazotumia kulanti ya waridi, kwa upande wake, kinataka kulanti ya mseto isiyo na silikati, amini, nitriti wala borati. Kile ambacho kopo linajivunia kuwa nacho ndicho ambacho kitabu chako kinakikataa, na rangi ya waridi imeyafunika yote hayo. Hali ni ileile kwa rangi ya buluu: Honda hutumia kulanti ya buluu na BMW pia imetumia kulanti ya buluu, lakini moja inategemea fosfati na nyingine inategemea silikati.

Kwa hiyo fungua kitabu cha mmiliki kwenye ukurasa wa vipimo vya vimiminika, nakili maelezo ya kulanti kama yalivyo, kisha uyatafute nyuma ya kopo, si mbele ambako huwa na picha na maneno ya kuvutia. Ukikuta kopo limeandikwa ASTM D3306, kiwango cha Marekani, au JIS K 2234, kiwango cha Japani, jua kwamba hiyo ni dalili njema lakini haitoshi, kwa kuwa viwango hivyo vinaeleza ubora wa chini unaokubalika wala havikuambii kama kulanti hiyo ilikusudiwa injini yako. Kuhusu makopo yanayodai kufaa magari yote ya miundo yote, maoni yangu ni kwamba yanaweza kukusaidia kuongezea kidogo ukiwa umebanwa, lakini sioni sababu ya kuijaza injini nzima kulanti ya namna hiyo wakati ile iliyotajwa kitabuni inapatikana.

SWALI: Mimi ninaishi mahali ambapo barafu haijawahi kuonekana. Fundi wangu anasema kulanti ni ya watu wa nchi za baridi, na kwamba maji safi ya bomba yananitosha. Gari halijawahi kuchemsha. Je, ana makosa?

JIBU: Fundi wako ana nusu ya ukweli. Maji peke yake hubeba joto vizuri kuliko maji yaliyochanganywa na glaikoli, na ndiyo maana gari lako halichemshi. Ni kweli pia kwamba mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauhitaji kuvumilia nyuzi 37 za Selsiasi chini ya sifuri mahali unapoishi. Lakini mchanganyiko huohuo hupandisha kiwango cha kuchemka. Chini ya mfuniko wa rejeta wenye kushikilia mgandamizo wa takriban baa 1, maji matupu huchemka yakifika karibu nyuzi 120, ilhali mchanganyiko wa nusu kwa nusu hustahimili hadi karibu nyuzi 129. Hizo nyuzi tisa ndizo zitakazokuokoa siku utakapopanda mlima mrefu ukiwa na mzigo, au feni itakapokataa kuzunguka ukiwa katika foleni.

Hata hivyo hilo si kubwa kama suala la kutu. Ndani ya injini yako kuna aluminiamu, chuma, pengine shaba na risasi ya kulehemu, vyote vikiwa vimezama katika maji mamoja ya moto, na metali za aina tofauti zikiwekwa hivyo hufanya kazi kama betri ndogo ambamo ile dhaifu huliwa. Maji ya bomba huongeza kloridi, ambayo hutoboa aluminiamu, na chokaa, ambayo huganda pale penye joto kali zaidi, yaani kandokando ya silinda. Niliwahi kushika mkononi kifuniko cha themostati (vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda kwenye rejeta) kilichotolewa katika injini iliyotumia maji matupu kwa miaka. Kwa nje kiling’aa. Kwa ndani, ukingo unaokalia sili ulikuwa umeliwa kama ubao uliopitiwa na mchwa, na nilipouparuza kwa ukucha, unga mweupe ulidondoka. Mwenye gari alikuwa amebadilisha sili mara mbili bila uvujaji kukoma, kwa sababu sili mpya haikuwa na mahali pazima pa kukalia.

Kwa hiyo tumia kulanti. Kama utanunua ile isiyochanganywa, ichanganye na maji yaliyokenekwa, yaani maji yaliyoondolewa madini. Watu wengine huyaita maji ya betri, na hapo naomba uwe mwangalifu kupita kiasi, kwa kuwa jina hilo hutumika pia kwa asidi ya betri, na asidi hiyo ikiingia katika rejeta itafanya kwa siku chache uharibifu ambao maji ya bomba yangeufanya kwa miaka. Soma kopo kabla ya kumimina.

SWALI: Gari langu limepita mikononi mwa wamiliki watatu. Kulanti iliyomo ni ya rangi ya udongo, na nikipitisha kidole chini ya mdomo wa rejeta kinatoka na utelezi. Sijui ilianza kuwa ya aina gani. Je, niongeze ipi?

JIBU: Usiongeze yoyote. Utelezi huo unaweza kuwa ni kutu iliyochanganyika na viambato vilivyokataana baada ya kulanti za aina mbalimbali kumiminwa pamoja. Si kila mchanganyiko hugeuka uji, na wengi huendesha miaka bila kuona dalili yoyote, ila hata unapoonekana umetulia, ulinzi wake huwa umeshuka na ahadi ya miaka mitano haipo tena. Kwanza hakikisha kwamba utelezi huo hauna mafuta: ukiwa kama maziwa mazito na unateleza kama grisi, mpelekee fundi gari hilo akague gasketi ya silinda hedi kabla hujatumia hata senti kwa kulanti.

Ikiwa ni kutu tu, osha mfumo mzima. Injini ikiwa imepoa kabisa, mwaga kulanti yote, jaza maji, washa injini na kipasha joto cha ndani ya gari kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, subiri themostati ifunguke na mpira wa juu wa rejeta uwe wa moto, zima, acha ipoe, kisha mwaga tena. Rudia hadi yatoke maji safi yasiyo na rangi, na mara ya mwisho tumia maji yaliyokenekwa.

Sasa linakuja kosa ambalo nimeliona likifanywa hata na mafundi wazuri. Rejeta ikimwagwa, injini haimwagiki yote, kwa sababu maji mengi hubaki ndani ya bloku, yaani kiwiliwili cha injini. Chukulia mfumo wako unabeba lita 7, na ulipomwaga zilitoka lita 4.5. Lita 2.5 za maji zingali ndani. Ukijaza nafasi iliyobaki kwa kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, utakuwa umeingiza lita 2.25 tu za kulanti halisi ndani ya lita 7, ambayo ni kama asilimia 32. Badala yake, nunua ile isiyochanganywa, mimina kwanza lita 3.5, ambayo ni nusu ya ujazo wote, kisha malizia na lita 1 ya maji yaliyokenekwa. Hapo utakuwa na nusu kwa nusu ya kweli. Usishawishike kuzidisha ukidhani kwamba kulanti nyingi ni ulinzi mwingi, kwa maana kadiri glaikoli inavyozidi ndivyo uwezo wa kubeba joto unavyopungua, na mchanganyiko uliopita asilimia 60 unaweza kuifanya injini ipate joto zaidi. Kifaa kidogo kiitwacho rifraktomita kitakuonyesha kiasi cha glaikoli kwa tone moja, na fundi makini hakosi nacho.

Na ikitokea umeishiwa njiani kabla ya kazi hiyo, ongeza maji safi kiasi cha kukufikisha. Maji hupunguza nguvu ya kulanti, na hilo linarekebishika kwa urahisi. Kulanti usiyoijua huongeza fumbo juu ya fumbo.

SWALI: Je, kulanti ya gari dogo inafaa lori langu la dizeli?

JIBU: Mara nyingi haifai. Injini nyingi kubwa za dizeli zina silivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, ambazo maji huzigusa moja kwa moja. Silivu hizo hutetemeka kila mafuta yanapolipuka, vijipovu vinatokea juu yake na kupasuka, na kila kinachopasuka hunyofoa chembe ya chuma hadi siku moja silivu inatoboka na maji kuingia katika mafuta ya kulainisha injini. Kulanti ya magari mazito ina viambato vya kuzuia hilo, vikiwemo nitriti katika baadhi ya aina. Tafuta kopo lenye alama ya ASTM D6210, kisha ulilinganishe na kitabu cha mtengenezaji wa injini.

SWALI: Mtoto wangu alionekana akicheza karibu na beseni tulilomwagia kulanti ya zamani. Inasemekana ina ladha tamu. Je, ni hatari?

JIBU: Ni hatari sana, na ninashukuru kwamba umeuliza. Ethilini glaikoli ni tamu kweli, na kiasi kidogo kinaweza kuharibu figo na kuua, iwe ni mtoto au mnyama wa nyumbani. Aliyeimeza anaweza kuonekana kama mlevi tu kwa saa za mwanzo, kisha hali ikabadilika, kwa hiyo usisubiri dalili. Mwahishe hospitali mara moja ukiwa na kopo mkononi ili daktari aone kilichomo. Kwa sababu hiyohiyo, usiivute kulanti kwa mdomo kupitia mpira kama ambavyo baadhi ya mafundi hufanya. Kulanti ya zamani itie katika chombo chenye mfuniko wa kukaza, kiandike kwa herufi kubwa, usitumie chupa ya kinywaji, kisha uikabidhi kwa gereji inayokusanya vimiminika vya magari badala ya kuimwaga mtaroni. Lile beseni lioshe leo hii kwa sabuni na maji mengi, na lisirudi tena jikoni.