Ukianza Kudarizi Sura za Watu, Usianzie Machoni

Kwa miaka mingi mkono wangu ulijua kofia tu. Kofia ya Lamu, ile nyeupe ya kudariziwa kwa mkono, ina vitobo vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja nzuri hula miezi. Kazi hiyo ilinifunza subira na kuhesabu. Uso wa mtu haikunifunza. Nilitambua hivyo siku nilipomaliza kumdarizi bibi yangu kwenye kipande cha marekani, nikampelekea barazani. Alikitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huyu si mimi, mwanangu. Mato haya si yangu."

Alisema kweli. Nilikuwa nimeshona jicho lile linalochorwa na kila mtu: umbo la samaki, mboni ya duara katikati, kope zimepangwa kama meno ya kitana. Jicho la aina hiyo halina mwenyewe. Tangu hapo nimeshona na kufumua nyuso nyingi, na mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie kwenye kivuli.

Mketishe mtu wako mahali penye mwanga wa upande mmoja. Nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu zina kiwanda, ule uwazi wa ndani usioezekwa, na mwanga wake hushuka kutoka juu. Hapo utaona giza chini ya nyusi, chini ya pua, chini ya mdomo wa chini. Mabaka hayo ya giza ndiyo yanayomtofautisha yeye na dadake. Jua la saa saba pale gatini halifai, linaufuta uso wote. Mpige picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe, kisha ikoleze mpaka uso ubaki na sehemu tatu tu: mwanga, giza, na kati yake. Ichapishe, weka karatasi ya kaboni kati ya picha na kitambaa, ufuate mipaka ya sehemu hizo kwa kalamu iliyokwisha wino. Pua usiichore. Ukishona kivuli chake vizuri, pua itatokea.

Rangi ndizo zilizonisumbua zaidi. Nilidhani kivuli cha ngozi yetu ni uzi mweusi, na kila nilipoutia nilihisi nimetoboa shimo usoni. Niliuacha. Kivuli cha bibi yangu kina zambarau na kahawia ya tende. Shavu lake lina wekundu. Kwenye paji la uso, pale mwanga wa anga unapomwangukia, nilitia mishono michache ya buluu iliyopauka, na hapo ndipo ngozi ilipopata uhai. Kabla ya kununua uzi, kaa na mtu huyo umtazame tu, hata nusu saa. Mpe kazi ya mikono ili asahau kuwa anatazamwa.

Uzi wa kudarizia kwa kawaida ni nyuzi 6 nyembamba zilizowekwa pamoja. Zitenganishe. Mimi hutumia 2 kwa mashavu na 1 kwa macho na midomo. Usivute sana, kwa sababu uso una mishono mingi mahali padogo na kitambaa kitajikunja. Tena fuata nyama inavyokwenda: shavuni zunguka, puani shuka. Wadarizi wa Uingereza wa karne ya 13 na 14 walishona mashavu ya watakatifu kwa kuzungusha uzi kama konokono, kila mshono ukiupasua katikati ule uliotangulia. Ukikuza picha za kazi hizo utaona uzi mmoja ukibadilika mwanga kwa sababu tu umegeuka njia. Na ile kazi ndefu ya kudarizi ya Bayeux, Ufaransa, ya karne ya 11, yenye urefu wa karibu mita 70, nyuso zake ni mistari tu juu ya kitambaa kitupu. Huhitaji kujaza uso mzima. Mimi nilijaza kwa woga, na wengi huanza hivyo.

Kuna jambo jingine, na kwetu huku ni zito. Nakshi za milango yetu ni maua, majani na mistari, si sura za watu, na wako wazee wasiotaka sura yao itiwe kwenye kitambaa. Omba ruhusa kabla ya kushika sindano, tena uombe upya kabla ya kuonyesha au kuuza. Mjomba wangu mmoja alikataa uso akakubali mikono, nami nikamdarizi mikono yake ikisuka kamba. Mikono ile ilinifundisha kuliko nyuso zote. Kama unaweza kuchagua, anza nayo: haina haya, na mtu hujulikana kwayo.

Usiache sindano kwenye kitambaa usiku. Hewa yetu ya chumvi huitia kutu, na doa lake halitoki. Hivyo ndivyo nilivyopoteza shavu la wiki tatu.

Bibi nilimshona tena mwaka uliofuata, mara hii ameinama juu ya ukili, macho yake ni vivuli viwili tu chini ya mtandio. Nilipompa, alikigeuza nyuma kwanza, kama anavyofanya kwa kofia ya mtu yeyote, akapitisha kidole. Kisha akakigeuza mbele, akajitazama kimya. "Fundo hili la hapa nyuma lifungue," akasema, "halafu unitundikie ndani, si barazani."