Jibu kwa mama wa Ahero: mtoto ameugua malaria baada ya kuchanjwa

Dada, umeuliza kama kuna maana ya kumpeleka mwanao kwa dozi ya nne ya chanjo ya malaria, ilhali aliugua malaria baada ya kupata tatu za kwanza. Ningekushauri umpeleke.

Chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa magharibi mwa Kenya mwaka 2019 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, huufundisha mwili kuvishambulia vimelea kabla havijazaana ndani ya ini. Vikiponyoka na kufika kwenye damu, chanjo haina la kuvifanya. Ndiyo maana mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuugua, ingawa hatari ya malaria kali hupungua, na katika maeneo ya majaribio ya Kenya, Ghana na Malawi vifo vya watoto waliostahili kuchanjwa vilipungua kwa takriban asilimia 13. Kinga hiyo hufifia kadiri miezi inavyopita, na dozi ya nne huipa nguvu upya.

Nenda na kijitabu cha kliniki, umweleze muuguzi aliugua lini na alipewa dawa gani. Akiwa na homa siku hiyo, apimwe kwanza. Neti yenye dawa isiondolewe kitandani, hata kama jirani zako wamezigeuza kuwa uzio wa mboga. Akipatwa na degedege, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akilegea, usinunue dawa dukani: mfikishe hospitalini saa hiyo hiyo.