Ukihamia mashambani Missouri, wasikilize wazee wa huko

Ndugu zangu Wakongo mnaoendelea kufika Kirksville na vijiji vya kaskazini mwa Missouri, huku Marekani, wengi mkifuata kazi za viwanda vya nyama: habari za bima, leseni ya udereva na makaratasi mtaambiwa na kila mtu. Mimi nawaambia yasiyomo kwenye fomu. Jifunzeni mazoea na imani za wakulima wa hapa. Bila hayo mtu anaweza kukaa miaka mingi akiwa na majirani asiowajua.

Kwenye barabara za changarawe, dereva mnayepishana naye huinua kidole kimoja juu ya usukani. Hakujui, anakusalimu tu. Mjibu. Sisi tuliolelewa kuulizana habari za nyumbani, za kazi na za watoto tunaweza kuiona salamu ya kibahili, lakini asiyeijibu huonekana ana maringo.

Jambo la rangi ni zito zaidi. Ukiona mti au nguzo ya uzio imepakwa mstari wima wa zambarau, usivuke. Sheria ya Missouri inaupa mstari huo nguvu ileile ya kibao cha kukataza kuingia. Huwa kati ya futi 3 na 5 kutoka ardhini, na alama haziachani kwa zaidi ya futi 100. Nasisitiza kwa sababu ya lengalenga, yaani mchicha. Jamii zake huota zenyewe kandokando ya mashamba ya soya na mahindi, na jicho la Mkongo huziona kutoka mbali. Kwa mkulima wa hapa hayo ni magugu sugu, na huyapiga dawa. Omba ruhusa kwanza, kisha uliza kama shamba limepuliziwa. Kama limepuliziwa, nenda zako. Faida ya kuuliza ni maongezi: mzee akisikia unataka kula magugu yake atacheka, halafu atataka kujua yanapikwaje. Na mwezi wa Novemba, msimu wa bunduki wa kuwinda kulungu, hata mwenye ruhusa asiingie porini bila fulana ya rangi ya chungwa inayowaka.

Katika kilimo, mimi huwafuata wazee kuliko nilivyotarajia. Viazi hupandwa karibu na tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Mahindi, wanasema, yasubiri majani ya mwaloni yafikie ukubwa wa sikio la kindi. Msemo huo una akili: mti unafuata joto la mwaka huu, kalenda haifuati. Nyanya zingoje Siku ya Akina Mama, Jumapili ya pili ya Mei, maana jalidi ya usiku mmoja huua miche yote. Wapo pia wanaopanda kwa mwezi, mazao ya juu ya ardhi mwezi unapokua na ya mizizi unapopungua, huku wakifungua almanaki, kitabu cha wakulima cha kila mwaka, ambayo imekuwa ikichapishwa tangu 1792. Hapo mimi huitikia tu kwa kichwa.

Mbegu ya persimoni, tunda la mti wa huku, ni burudani. Ukiipasua ubapa utaona umbo jeupe ambalo wazee hutabiria majira ya baridi yajayo: kijiko ni theluji ya kukokoa kwa koleo, kisu ni baridi ya kukata, uma ni kipupwe chepesi. Hicho ni kichipukizi cha mbegu tu, lakini msimnyime mzee raha ya kuwaonyesha. Ila tunda bichi msilionje, litawakausha mdomo hadi kooni.

Ndege akiingia ndani ya nyumba, wengine husema ni dalili ya kifo. Msiwacheke. Kwetu bundi akilia juu ya paa nani hulala vizuri?

Kanisani au kwenye mkutano wa kijiji mtaalikwa chakula cha pamoja, kila familia na chombo chake. Msiende mikono mitupu. Sambusa huisha kabla ya kuku. Sombe (kisamvu) ipelekeni mara ya pili, mkishazoeana. Bandikeni jina chini ya bakuli, na la jirani likibaki kwenu lirudishwe na kitu ndani, kama nyumbani.

Aprili uyoga wa moreli hutoka msituni. Upikeni vizuri, kamwe msiule mbichi, na aende nanyi anayeujua, kwa sababu upo unaofanana nao wenye sumu. Lakini msimuulize mtu anauchuma wapi. Hata mwanawe huenda hajaambiwa.