Boti ya faiba: kabla ya kuongeza tabaka, panga kitambaa na mataruma

Mkuu mleta mada, swali lako limenigusa kwa sababu karakanani naliulizwa sana na watu wanaokaribia kumwaga pesa. Unataka kuunda boti ya uvuvi ya mita 7, injini ya HP 40, na umepanga kulaza kitambaa cha kufumwa cha nyuzi za glasi (ndiyo faiba yenyewe), cha gramu 800 kwa mita ya mraba, matabaka 8, yote yakifuata urefu wa boti toka omo hadi tezi. Sasa unauliza kama ukifikisha 10 itakuwa imara zaidi. Itakuwa nzito zaidi, hilo halina ubishi. Uimara unaoutafuta utaupata kwa bei nafuu mahali pengine.

Tupige hesabu. Kitambaa cha gramu 800 kikilazwa kwa mkono na fundi mzuri kinakunywa rezini, ile gundi ya maji inayoganda, takriban sawa na uzito wake. Kila tabaka basi ni kilo 1.6 kwa mita ya mraba, unene karibu mm 1. Matabaka 8 ni kilo 12.8, matabaka 10 ni kilo 16. Ukakamavu wa kupinda unafuata kipeo cha tatu cha unene, hivyo kutoka 8 kwenda 10 unapata karibu maradufu. Si haba, lakini umebeba robo nzima ya uzito wa ziada kwenye gamba lote la boti, na injini itaisukuma kila siku mnayotoka baharini.

Sasa angalia upande wa mataruma, yale maungo ya ndani yanayokaza gamba. Maji yakigonga gamba, kiasi linachobonyea kati ya taruma na taruma kinafuata kipeo cha nne cha umbali wa kati yake. Ukisogeza mataruma kutoka sm 80 hadi sm 40, gamba lile lile litabonyea sehemu moja ya kumi na sita ya awali, na mzigo wa kulipinda unapungua mara nne. Hakuna tabaka duniani litakalokupa faida hiyo kwa uzito mdogo hivyo. Kwa hiyo usanifu unaanza na mkuku, mataruma na umbali wake, halafu ndiyo unakuja kwenye kitambaa.

Kwenye kitambaa chenyewe kuna mambo matatu yanayoamua, na kwenye mpango wako yote matatu yameachwa: mwelekeo, kupinda kwa nyuzi, na kinachokaa kati ya tabaka na tabaka.

Mwelekeo kwanza. Kitambaa kina nyuzi za mtande (za urefu) na za mshindio (za upana), zinazokutana kwa pembe ya digrii 90. Kikivutwa kufuata mtande au mshindio, glasi ndiyo inabeba. Kikivutwa kwa mshazari wa digrii 45, rezini inalazimika kubeba sehemu kubwa, na ukakamavu unapungua kwa theluthi moja au zaidi. Boti lakini haivutwi kwa mstari mmoja tu. Wimbi likipiga upande mmoja wa omo, gamba zima linataka kujisokota, na mbavu za boti, yaani kuta zake za pembeni, zinahisi nguvu ya kukatana, ile ya kutaka kugeuza mraba uwe msambamba. Hapo tabaka lililolazwa kwa 45 lina ukakamavu karibu maradufu ya lile la 0 na 90. Ndiyo maana nakushauri mbavuni na kwenye ubao wa nyuma unapofungwa injini, baadhi ya matabaka uyageuze. Kukata mshazari kutoka kwenye roli kunapoteza kitambaa, najua, kwa hiyo panga vipande vyako chini kabla ya kushika mkasi, na mabaki ya pembetatu yatumie kwenye kona za mataruma.

Kuhusu kupinda kwa nyuzi, tazama kitambaa chako kwa ubavu, kwenye ukingo ulipokatwa. Ufumaji wa moja juu moja chini unafanya kila uzi upande na kushuka kama barabara ya milimani. Ukivutwa, uzi unataka kunyooka kwanza kabla ya kubeba mzigo sawasawa, na pale zinapopishana ndipo rezini inapoanza kupasuka. Ukisukumwa, hali ni mbaya zaidi, kwani uzi uliokwisha pinda unapinda tena kirahisi. Kitambaa kizito cha nyuzi nene kina tatizo hili kwa wingi. Ufumaji wa mbili juu mbili chini una mapindo machache na unakaa vizuri kwenye kona. Ule wa satini, ambao uzi unaruka juu ya nyuzi kadhaa kabla ya kushuka, una mapindo machache kuliko yote na unalala kwenye umbo lolote, ila unahamahama ukiushika na bei yake si ya boti ya uvuvi. Ukipata kitambaa cha kushonwa, ambacho nyuzi zimelazwa zimenyooka kisha zikafungwa kwa uzi mwembamba, kichukue, hasa cha ±45. Usipopata, gramu 600 ni bora kwako kuliko 800: inalowa vizuri zaidi kwa rola na haiachi mabwawa ya rezini kwenye mashimo ya ufumaji.

La tatu ndilo linaloua boti nyingi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri. Kitambaa cha kufumwa juu ya kitambaa cha kufumwa kinashikana kwenye vilele vya mapindo tu, na katikati ni rezini tupu. Niliwahi kuletewa boti iliyopigwa na bahari ya kusi, ikiwa imepasuka kwenye kona ya tumbo. Tulipokata kipande, rula ya chuma iliingia kati ya tabaka la pili na la tatu bila kusukumwa kwa nguvu. Nyuzi za ndani zilikuwa nyeupe, safi, unaziona kama zilivyotoka kwenye roli. Glasi haikukatika hata kidogo. Gamba liliachana tabaka kwa tabaka, na gamba la mm 8 lililoachana katikati si la mm 8 tena. Ni mawili ya mm 4, na kila moja lina ukakamavu wa sehemu moja ya nane tu.

Dawa yake ni mati, ile ya nyuzi fupi zilizotawanywa. Weka mati ya gramu 300 kati ya kila vitambaa viwili. Nyuzi zake zinajaza mashimo na kushikilia pande zote. Mati inakula rezini nyingi, glasi ni karibu asilimia 30 tu ya uzito, na ukakamavu wake ni karibu GPa 7 (gigapaskali, kipimo cha ukakamavu) wakati kitambaa kiko karibu GPa 14. Ukizipanga kwa zamu unapata kati ya 10 na 11. Kwenye karatasi inaonekana umerudi nyuma, ila kwenye maji umesonga mbele. Chini ya gelkoti, lile tabaka la nje la rangi, pia anza na mati ya gramu 300, kwa rezini ya aina ya isofthaliki au vinilesta. Rezini ya poliesta ikiganda inasinyaa, na ukianza na kitambaa, alama za ufumaji zitatokeza nje, halafu maji yatapata njia ya kuingia polepole.

Kwa kupanga idadi, fungua Eksel. Kila tabaka likiwa na chaguo nne (mati, kitambaa 0/90, kitambaa ±45, au mati nzito), gamba la matabaka 8 lina mipangilio 65,536. Ukiamua nusu ya ndani ifanane na nusu ya nje kama kwenye kioo, zinabaki 256, ambazo kompyuta ya kawaida inazimaliza kabla chai haijapoa. Ulinganifu huo una faida nyingine: bamba lisilo na ulinganifu linajikunja lenyewe likitolewa kwenye moldi (kalibu). Pale gelkoti na mati ya kwanza vinapoharibu ulinganifu, mataruma yafungwe boti ikiwa bado kwenye moldi. Msukumo wa maji wa kutumia kwenye hesabu uchukue kwenye kanuni ya kimataifa ya ISO 12215-5, inayohusu magamba ya vyombo vidogo hadi mita 24. Ukifika kwa mkaguzi wa TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) na hesabu hiyo mkononi, mazungumzo yanakuwa mepesi. Wanafunzi mliomo humu mnaotaka kuingia ndani ya uzi wenyewe, programu ya TexGen ya Chuo Kikuu cha Nottingham ni ya bure na inachora ufumaji wowote.

Hesabu lazima ijaribiwe. Tengeneza bamba dogo kwa fundi yule yule, rezini ile ile, joto lile lile. Kata utepe wa upana wa mm 30 na unene wa mm 4, uweke juu ya nguzo mbili zilizoachana mm 200, uning'inize kilo 5 katikati. Mchanganyiko wa mati na kitambaa ukiwa mzuri utashuka karibu mm 5. Ukishuka mm 7, utepe umezidi rezini, au glasi haijalowa. Kipande kingine kipime, kichome mpaka rezini iishe, upime glasi iliyobaki. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, moshi ule ni sumu.

Na tafadhali, kobalti (kichapuzi) na hadena (kigandishi), dawa mbili za kugandisha rezini, visikutane kamwe vikiwa vitupu. Kobalti ichanganywe kwenye rezini kwanza, hadena ije mwisho. Vikikutana peke yake vinalipuka.

Mchangiaji mmoja hapo juu ameuliza kuhusu kuweka povu gumu katikati ya magamba mawili membamba. Ni kweli, magamba mawili ya mm 2 yenye povu la mm 15 katikati yana ukakamavu karibu mara 7 ya bamba la mm 8, kwa uzito pungufu. Kwa sitaha na kuta za kibanda, naunga mkono. Kwa tumbo la boti inayovutwa kwenye mchanga na mawe kila jioni, hapana, gamba la nje litatoboka na povu litakuwa ghala la maji. Aliyeuliza kuhusu kutumia katani ya Tanga badala ya glasi: nyuzi zake ni nyepesi kuliko glasi na kitambaa chake kinafaa kwa viti na dari, lakini inakunywa maji, isikae chini ya mstari wa maji.

Mkuu, tuwekee hapa umbali wa mataruma uliopanga, mwendo unaoutarajia na uzito wa samaki na barafu kwa safari. Nikipata hivyo nitakupigia unene wa tumbo na wa mbavu kila kimoja peke yake, maana havitakuwa sawa.